Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Hotuba ya Kamati ya Tawi mbele ya wanachama wa viwanda vya nguo, EPZ Athi River. Tumeipiga chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile na hawakuweza kufika.



Twajua ya kwamba wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na nyuzi bado ziko kwenye nywele. Kwa hiyo hatutawachosha zaidi ya mlivyochoka. Habari tuliyo nayo leo inahusu uchovu wenyewe, na namna ya kuupunguza.

Tulipotangaza ya kwamba tutazungumza juu ya mapumziko, mwanachama mmoja alituuliza mbele ya watu: "Ndugu zangu, chama ni cha mishahara. Matembezi ya Jumapili yanawahusu nini?" Swali lake ni zuri, nasi tutaanza nalo.

SIKU YA KUPUMZIKA HAIKUANGUKA KUTOKA MBINGUNI

Jumapili tunayoilala sisi ilipiganiwa na watu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kwamba mfanya kazi wa kiwandani apate saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku saba. Mwaka 1936 shirika hilo hilo lilipitisha mkataba mwingine, kwamba mfanya kazi apewe likizo ya kila mwaka na mshahara wake ukiendelea. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulitangaza Haki za Binadamu, na kifungu cha 24 kinasema ya kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika, ya kuwekewa kiasi cha saa za kazi, na ya kupata likizo yenye malipo. Mambo hayo hayakuandikwa kwa sababu matajiri walituonea huruma. Yaliandikwa kwa sababu wafanya kazi wa nchi nyingi waligoma, wakafukuzwa, wakafungwa, na wakagoma tena.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mambo mawili ambayo kila mmoja wetu ayashike kichwani kama anavyoishika namba ya simu yake. La kwanza, siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. La pili, likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya kazi.

Tena sikilizeni hili ninyi wa mikataba mifupi, maana ndilo wengi hawalijui. Mtu akifanya kazi miezi miwili mfululizo au zaidi, kisha kazi ikakatika kabla ya mwaka kutimia, sheria inamhesabia siku moja na robo tatu za likizo kwa kila mwezi aliofanya. Pigeni hesabu: moja na robo tatu mara 12 ni 21. Basi mtu wa mkataba wa miezi sita asiambiwe ya kwamba likizo si yake. Yake ni siku kumi na nusu. Akiondoka bila kuzichukua, alipwe.

Ndiyo sababu chama kinazungumza juu ya mapumziko. Mshahara ni malipo ya saa tulizouza. Mapumziko ni saa ambazo hatukuuza. Zote mbili ni mali yetu, na mwenye mali asiyejua matumizi yake huibiwa mchana.

UCHOVU WETU NI WA NAMNA GANI

Mwalimu huchoka koo, na mkulima huchoka mikono. Sisi tunachoka namna yetu. Tunaingia asubuhi kabla jua halijawa na nguvu, tunakaa chini ya taa nyeupe zisizojua kama nje ni mchana au ni jioni, na tunatoka giza likianza kuingia. Aliye kwenye kola anashona kola, aliye kwenye mkono anashona mkono, na macho hayaendi mbali zaidi ya sindano. Masikio yamejaa cherehani mia mbili. Pua imejaa vumbi la kitambaa. Supavaiza anapita na karatasi ya tageti, na hata kwenda msalani mtu anafikiri mara mbili.

Tukitoka hapo tunakwenda wapi? Tunakwenda Mlolongo, Kitengela, Sofia, katika chumba kimoja chenye kitanda, jiko, ndoo na watoto. Dirisha linatazama ukuta wa nyumba ya jirani. Kwa hiyo macho yetu yanatoka katika ukuta wa kiwanda na kuingia katika ukuta wa ploti. Mtu anaweza kukaa Athi River miaka kumi, katikati ya uwanda mpana ajabu, asiuone uwanda huo hata siku moja, isipokuwa kwa dirisha la matatu.

Mtu aliyechoka namna hiyo hahitaji kulala tu. Anahitaji kutazama mbali, na kuvuta hewa isiyo na nyuzi ndani yake. Anahitaji kwenda kwa miguu yake mwenyewe, kwa mwendo anaoutaka, bila mtu wa kumhesabia vipande.

HABARI YA SAFARI YA MBALI

Tunajuaje ya kwamba watu wetu wanayatafuta mapumziko hayo? Tunajua kwa sababu tunaona wanavyohangaika kuyafuata mbali.

Dada mmoja wa idara ya kumalizia, ambaye ametupa ruhusa tulisimulie jambo lake bila kutaja jina, alipata siku tano mwezi wa Desemba. Kila mtu katika laini alikuwa akisema Mombasa, Mombasa. Picha za bahari zilikuwa zimejaa katika simu. Naye akaona, "Mwaka mzima nimeshona, kwa nini nisiione bahari?" Akakopa kwa simu shilingi 9,000, akawachukua watoto wawili, akapanda basi. Nauli ya Desemba ninyi mnaijua, haina huruma. Siku ya kwanza ilikwisha barabarani. Siku ya pili walitafuta chumba cha bei nafuu. Siku ya tatu waliiona bahari, na watoto walifurahi sana, hilo hatulikatai. Siku ya nne fedha zikawa zimekwisha. Siku ya tano waliipitisha ndani ya basi katika msongamano wa malori, na usiku wa manane wakateremka Mlolongo. Asubuhi alikuwa kazini macho mekundu. Deni alilimaliza mwezi wa nne.

Tulimwuliza, "Dada, ulipumzika?" Akacheka. Akasema, "Nilipumzika saa nne, pale mchangani. Nyingine zote nilikuwa nikihesabu."

Ndugu zangu, msitusikie vibaya. Hatusemi mtu asiende Mombasa. Bahari si ya watalii peke yao, na siku mishahara yetu itakapofika mahali pake tutakwenda na tutakaa juma zima. Wala hatusemi mtu asiende kwao kuwaona wazazi. Kwenda kumwona mama ni wajibu na ni baraka. Lakini tusichanganye mambo. Kwenda nyumbani na mzigo wa sukari, unga na karo za wadogo zetu ni kazi nyingine, nzuri lakini nzito. Tunachosema ni hiki: ikiwa mapumziko yako yote umeyaweka mahali pa kufikiwa mara moja kwa mwaka, kwa deni, basi muda wa miezi kumi na moja huna mapumziko. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Na nyoka wetu, yaani uchovu, yuko mlangoni kila jioni.

TULIYOYAONA KARIBU

Kamati yenu haikutaka kusema maneno matupu. Tulijaribu sisi wenyewe kwanza. Jumapili moja tulikusanyika watu 31 pamoja na watoto, tukapanda matatu za kwenda Machakos, na baada ya mwendo mfupi tukateremka Lukenya. Tulikuwa tumekwisha kuomba ruhusa kwa wenye ardhi, maana kilima hicho kina wenyewe. Tulichukua chai katika chupa, mihogo ya kuchemsha, mikate, na maji ya kutosha.

Tulianza kupanda kukiwa bado na baridi. Wengine kati yetu, hasa wale wa kukaa mashineni miaka mingi, magoti yalilia. Tulikwenda polepole, anayechoka anangojewa. Hakuna aliyeulizwa tageti yake. Tulipofika juu tukakaa juu ya mawe, tukanyamaza. Mama mmoja ambaye ameshona Athi River tangu siku za mwanzo za viwanda hivi alitazama chini, akasema, "Kumbe tunakaa mahali pazuri hivi?" Upande mmoja ulikuwa uwanda wa Athi na Kapiti, wa manjano, mpaka macho yanakoma. Upande wa pili tuliona vumbi la viwanda, na malori ya barabara ya Mombasa madogo kama siafu. Watoto walibishana ni bati gani la kiwanda cha mama yao.

Wataalamu wamechimba katika kilima hicho wakapata vyombo vya mawe vya watu waliokaa hapo maelfu mengi ya miaka iliyopita. Basi mtu akikuambia Athi River ni mahali pa kuja kutafuta kazi tu na kuondoka, mwambie watu walipapenda kabla ya cherehani kuzaliwa.

Chini ya kilima tulipita katikati ya migunga midogo yenye vinundu vyeusi kwenye miiba. Ndani ya vinundu hivyo hukaa sisimizi, nao hutoboa matundu. Upepo ukipita katika matundu hayo mti hupiga mluzi. Tulisimama kusikiliza. Kijana mmoja wa ukataji vitambaa alisema huo ndio mtambo wa kwanza aliousikia mwaka huo usioumiza masikio.

Hayo ni ya Lukenya. Yako mengine, nasi tutayataja kwa ufupi ili kila mmoja achague.

Uko mto wenyewe, ambao mji wetu umeuchukua jina. Sisi tunautazama kama mfereji wa kupita chini ya daraja. Lakini mto Athi huu huu huteremka ukapita ukambani, ukakutana na mto Tsavo ukaitwa Galana, na karibu na pwani ukaitwa Sabaki, ukaingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Maji ya mvua yanayopita karibu na mlango wa kiwanda chetu yanakwenda huko tunakokopa fedha kwenda. Tuwaambie watoto wetu habari hiyo, maana shuleni wanauchora mto huu kwenye ramani bila kujua ni ule ule wa hapa.

Iko Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ya kwanza katika Kenya. Mpaka wake wa kusini ni mto Mbagathi, jirani zetu kabisa. Ina kiingilio, basi watu wakichanga mapema kwa kikundi haiwi mzigo mkubwa. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuwaona twiga wa mbuga hiyo, nasi tunakaa upande wa pili wa mto bila kuwaona.

Iko bustani ya watu ya Machakos mjini, People's Park, ambako watoto wanaweza kukimbia. Na karibu na mji huo uko mlima wa Kituluni, mahali paitwapo Kyamwilu, ambapo maji yakimwagwa barabarani huonekana kama yanapanda mlima. Wengine husema ni maajabu, wengine husema macho yanadanganywa na umbo la vilima. Nendeni mkamwage maji, mbishane wenyewe.

Na kiko Kilima Mbogo, yaani Ol Doinyo Sabuk, karibu na Maporomoko Kumi na Manne ya mto huu huu wetu wa Athi. Hapo sisi watu wa vyama tuna sababu ya kwenda iliyo zaidi ya hewa safi. Katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo alizaliwa Tom Mboya, mwaka 1930, mtoto wa mfanya kazi wa shamba hilo. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour, akiwa kijana wa miaka 23 tu. Kijana wa laini anayedhani uongozi ni wa watu wengine, na apelekwe Kilima Mbogo aone ulikotoka uongozi wetu.

WENZETU WA MANCHESTER

Labda mtu atasema mambo haya ni ya kitoto, wafanya kazi wa kweli hawashughuliki na vilima. Basi tumpe habari ya Uingereza.

Mji wa Manchester ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, vya nyuzi na nguo kama vyetu. Wafanya kazi wake walikaa katika nyumba za kubanana na moshi, lakini vilima na nyika vilikuwa karibu. Taabu ilikuwa kwamba nyika hizo zilikuwa za matajiri, waliozifunga kwa ajili ya kuwinda ndege siku chache kwa mwaka, na walinzi wao waliwafukuza watu. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana wafanya kazi mia kadhaa walikwenda kwa pamoja mchana kweupe, wakapanda mlima uitwao Kinder Scout. Kijana aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Watano kati ya vijana hao walifungwa jela. Lakini jambo halikuzimika. Mwaka 1949 Uingereza ilitunga sheria ya mbuga za taifa na ya njia za watu kupita mashambani, na mwaka 1951 mbuga ya kwanza ya taifa ya nchi hiyo ilitangazwa katika vilima vile vile.

Hatuwaambii mvuke ua wa mtu. Sisi tuliomba ruhusa na tukapewa. Tunachotaka mwone ni kwamba wafanya kazi wa nguo kabla yetu waliona hewa na nafasi kuwa haki ya kudaiwa, kama mshahara.

Hapa kwetu pia yako mafunzo. Mwaka 1989 ilitakiwa kujengwa nyumba ya orofa 60 ndani ya Uhuru Park, mahali ambapo mtu wa Nairobi asiye na kitu hulala chini ya mti saa ya chakula bila kulipa. Bibi Wangari Maathai alisimama akapinga, akatukanwa hata Bungeni, lakini jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Januari 1999, alipigwa akitetea msitu wa Karura. Leo maelfu ya watu wanatembea Karura, na mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Sasa tuseme ukweli mwingine, maana hotuba ya sifa tupu haina faida.

Kwanza, uwanda wetu unakwisha. Wazee wa hapa wanakumbuka makundi makubwa ya nyumbu yakitoka mbugani wakati wa mvua, yakivuka Kitengela kwenda Kapiti. Leo nyua, nyumba na barabara zimefunga njia, na nyumbu waliobaki ni wachache sana. Viwanja ambavyo watoto wetu walichezea mpira sasa vina kuta na walinzi. Tukingoja miaka mingine kumi, maneno haya ya "karibu nasi" yatakuwa hadithi.

Pili, mto ni mchafu. Unapokea uchafu wa miji na wa viwanda. Mtu atembee kando yake, lakini asioge wala asinywe, wala asiwaache watoto peke yao. Huko mbugani una viboko na mamba. Machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua ni mabaya zaidi ya mamba, maana yanaonekana kama bwawa la kuchezea. Watoto wamekufa humo.

Tatu, akina mama wametuambia wazi ya kwamba hawawezi kutembea peke yao katika nyika, na ni kweli. Kwa hiyo tunasema: twende kwa kikundi, tuondoke pamoja, turudi pamoja kabla ya jua kutua, na tuhesabiane kama tunavyohesabu vipande.

Nne, na hili ni kubwa. Mwajiri asije akayachukua maneno yetu akasema, "Chama chenu kimesema mapumziko yako mlangoni, basi likizo ya nini?" La, hasha! Matembezi ya Jumapili hayawi badala ya siku 21. Mgongo uliopindwa mwaka mzima hauponi kwa kilima cha siku moja. Iko kampuni moja, hatutaitaja hapa, iliyowaambia watu wetu watie sahihi ya kwamba wamekwisha kuchukua likizo, na huku walikuwa mashineni. Shauri hilo linaendelea. Yeyote anayeletewa karatasi ya namna hiyo, asitie sahihi. Alete chamani.

MANENO YA JUMAPILI

Tulipokuwa tukiandaa hotuba hii, mama mmoja mshonaji alitupinga vikali. Alisema, "Ninyi wanaume mnasema Jumapili ya kupumzika. Mimi Jumapili ni siku ya kufua, kuchota maji, kusuka watoto nywele, na kupika chakula cha juma zima. Nikienda Lukenya, nani atafua?"

Tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeandika habari za Uingereza na za Umoja wa Mataifa, tukasahau ndoo ya nguo. Kisha tukakubaliana hivi, na tunalisema mbele ya wote: baba na vijana wa kiume, mikono inayoshona shati za Marekani inaweza kufua shati za nyumbani. Nguo zifuliwe Jumamosi jioni, kila mwenye mikono afue. Mapumziko ya nusu ya nyumba si mapumziko, ni kumhamishia mwingine kazi.

Na juu ya ovataimu ya Jumapili, twajua kwa nini watu wanaikubali. Kodi ya nyumba haina Jumapili. Hatumlaumu mtu. Mwezi wa Januari 2003 maelfu ya wafanya kazi wa EPZ waligoma, na mojawapo ya malalamiko yao ilikuwa ovataimu ya kulazimishwa. Waliogoma siku hizo walitutetea sisi tulio hapa. Basi tusiirudishe kwa hiari yetu kila juma. Dawa ya mshahara mdogo ni kudai mshahara, na chama kinaudai. Kuuza siku ya saba si dawa.

TUNAYOYAOMBA

Basi Kamati inaleta mambo haya mbele yenu ili yapigiwe kura.

Kwa waajiri: tunaomba saa ya chakula iwe kamili, mtu atoke nje bila kupekuliwa mara mbili. Ndani ya kila ua pawe na miti ya kivuli na mabenchi. Leo wengi wetu tunakula tumekaa juu ya ukingo wa mtaro, jua la uwanda likitupiga kichwani. Mti hauna gharama ya kumfilisi mtu, na sisi tuko tayari kuupanda na kuumwagilia.

Kwa serikali ya kaunti: kingo za mto zihifadhiwe, na kiwe kiwanja kimoja cha wazi hapa Athi River chenye hati, kisichoweza kuuzwa usiku. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na ya afya. Haikusema isipokuwa watu wa EPZ.

Kwa sisi wenyewe: Jumapili moja ya kila mwezi iwe ya matembezi ya chama. Anayetaka kusali asali kwanza. Kila mmoja alete chakula chake na nauli yake, na asiye na nauli aseme, maana kuna mfuko mdogo. Watoto waje. Wazee wetu waliostaafu waje, watuonyeshe njia za zamani kabla hazijafungwa.

Yule ndugu aliyetuuliza swali mwanzo alikwenda nasi Lukenya. Alikuwa wa mwisho kufika juu, akitweta. Tulimwuliza kama bado anaona jambo hili haliwahusu watu wa chama. Akasema ngojeni nipumue kwanza. Baadaye, tulipokuwa tukiteremka, tulimsikia akimwonyesha mwanawe uwanda, akamwambia, "Huku kote zamani hakukuwa na ua." Mtoto akauliza, "Na tukirudi mwaka ujao kutakuwako?" Baba hakujibu, wala sisi hatukujibu.

Ndugu wanachama, swali la mtoto huyo ndilo tunalowaachia. Jibu lake liko mikononi mwetu tukiwa pamoja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni uwanda huu, mto huu, na kilima kile. Tuukalie kabla haujakunjwa na wengine.

Umoja ni nguvu.